Kumpima Asumini Msimu wa Korosho

Siku mliyoniaga pale kituoni mliniomba niseme machache, nami nikasema asanteni, nikakaa. Pilau lilikuwa linapoa, na wageni wa heshima walikuwa wameshamaliza muda wote kwa hotuba. Mmoja wenu wa kliniki ya wajawazito alinisindikiza mpaka getini akaniambia, "Sista Zuhura, yale uliyokuwa unatufundisha kwa kutufokea, hebu tuandikie, tuyasome bila kufokewa." Nilicheka peke yangu njia nzima. Sasa niko nyumbani Masasi, bustani nimeipalilia mpaka mchicha unaniogopa, kuku nawajua mmoja mmoja kwa tabia, na muda ninao. Haya, naandika. Vyeo nilivyopata mnavijua, na mshahara mnaujua vizuri zaidi kwa sababu ni huohuo mnaopata nyie, kwa hiyo hayo tuyaache.

Nilianzia zahanati moja ya kijijini upande wa Nanganga, kando ya barabara kuu. Siku ya kwanza nilifika na sare nyeupe niliyoipiga pasi ya mkaa mpaka ikawa ngumu kama bati, na vyeti vyangu ndani ya bahasha, utadhani kuna mtu angeviomba. Mkunga wa pale aliitwa Sista Monika, mama mnene wa Kimakua mwenye sauti ya kwaya. Vyeti hakuvitazama. Alinipa kile kidude cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, akanionyesha wanawake waliokaa kwenye benchi, akasema nisirudi kwake mpaka nimewasikia watoto wote. Nilisikiliza mpaka sikio likauma. Mtoto wa mwisho sikumsikia kabisa, nikarudi kwa Sista Monika nikijua mtoto ameshafia ndani. Sista Monika aliinuka taratibu, akahamisha kile kidude upande wa pili wa tumbo, akanivuta kichwa. Moyo ulikuwa unagonga vizuri tu. Akaniambia mtoto hajapotea popote, ni mimi niliyekwenda kumtafuta siko.

Alinifundisha na kunyamaza, jambo ambalo mama yangu mzazi alishindwa. Kanuni yake ilikuwa kwamba ukishamuuliza mjamzito swali, funga mdomo. Akikaa kimya, na wewe kaa kimya. Usimsaidie kujibu, maana ukimsaidia atakubali tu kwa heshima, shikamoo na ndiyo, marahaba na ndiyo, halafu atakwenda nyumbani na tatizo lake kama alivyokuja nalo. Wengi wenu hili linawashinda. Mnauliza, mnajibu wenyewe, mnaandika, mnaita anayefuata.

Siku hizo sukari tuliipima kwenye mkojo. Tulikuwa na dawa ya rangi ya buluu, unatia matone ya mkojo, unachemsha juu ya kibatari, na kama kuna sukari inageuka kijani, halafu njano, halafu rangi ya tofali. Chumba kizima kinanuka, lakini ilikuwa raha kuangalia. Ilipotokea rangi ya tofali tuliitana wote kuja kuona, kwa sababu ilitokea mara chache sana. Tulifikiri kisukari ni ugonjwa wa watu wenye magari. Kumbe tulikuwa hatuwapimi tu.

Nilipohamishiwa Newala nilipanda ule mlima wa kona kona nikiwa nimefunga redio na godoro juu ya paa la basi, nikakuta huko baridi asubuhi, ukungu, mikorosho kila upande, na maji ya shida. Mimi Myao wa Masasi nilizoea kisima, ukitaka maji unateka. Kule juu maji yanasukumwa kutoka bondeni, na yasiposukumwa yanakuja kwa madumu juu ya baiskeli. Mwenye nyumba wangu alinionyesha namna ya kuoga kwa kopo moja. Wanawake walinicheka Chimakonde changu mpaka nikakijua, na nilipokijua wakanicheka lafudhi. Nilipapenda. Nimekaa huko sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi na sina ninachojutia.

Sasa niwaambie habari ya Asumini, ambayo wengine mmeisikia nusu nusu kwenye chai, na kila anayeisimulia anatia chumvi.

Mara ya kwanza Asumini aliletwa kwetu na bodaboda kutoka kijiji kimoja kabla ya kuingia Newala mjini, uchungu umeshashika toka jana yake. Alikuwa binti mrefu, mkimya, mimba ya kwanza, na tumbo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalisifia. Kwetu mtoto mkubwa ni sifa. Watu wanampongeza mama kwa tumbo, wanampongeza baba, wanasema huyu atazaliwa anatembea. Kichwa kilitoka, mabega yakakwama. Tulifanya yote tunayofundishwa kufanya, na mtoto tulimtoa, lakini hakulia. Alikuwa wa kiume, mnene, mzuri, mashavu haya. Mama yake Asumini alimpokea, akamfunga kanga, akatuuliza inakuwaje mtoto mwenye afya namna hii akafa. Swali lile lilinikaa kifuani muda mrefu, maana jibu lake lilikuwa kwamba ule unene haukuwa afya. Ilikuwa sukari ya mama iliyopita kwenda kwa mtoto. Hilo ndilo linaitwa kisukari cha mimba, na mwanamke hajisikii kuumwa hata kidogo.

Kijijini mwanamke akishazaa anaitwa kwa jina la mtoto. Asumini alizaa, akazika, akabaki kuitwa Asumini.

Miaka ikapita, tukaanza kupata mashine ndogo za kupimia sukari kidoleni. Baadaye ukaja mradi. Aliuleta Daktari Lukasi, kijana mpole kutoka mkoa wa mbali, mchapakazi, anayetembea haraka hata akiwa hana anakokwenda. Mradi ulitaka kujua wajawazito wenye kisukari wanajitunza vizuri kiasi gani wenyewe majumbani. Kila mmoja alipewa mashine yake, vijiti vya kupimia, sindano ndogo za kutobolea na pamba yenye spiriti ya kufutia kidole. Wanapima asubuhi kabla ya kula, wanapima tena saa mbili baada ya chakula cha mchana. Mashine inatunza majibu yote, na wakija kliniki tunayasoma. Juu ya hayo kulikuwa na dodoso refu, kila jibu lina alama, na mwishoni unajumlisha unapata mama huyu anajitunza sana, kiasi, au hajitunzi.

Dodoso lile lilitoka mjini, halikujificha. Je, unaepuka soda? Wanawake wanasema ndiyo, na kweli, soda wanaiona kwenye harusi. Je, unapunguza chapati na keki? Ndiyo. Je, unafanya mazoezi mepesi kama kutembea? Hapo mama mmoja aliyetembea na dumu la maji kichwani tangu alfajiri aliniangalia, nikamwekea alama zote bila kumsubiri. Ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, haikuulizwa popote, na watu wanaila kutwa nzima kama kupoza mdomo, hawaihesabu kuwa chakula. Hiyo niliiongeza mwenyewe kwa kalamu, na Daktari Lukasi akaikubali. Nasema hivyo ili msije mkadhani alikuwa mtu wa kichwa kigumu.

Asumini alikuja tena na mimba katikati ya kazi hiyo. Tulimpima mapema, sukari ikawa juu. Nilimweleza yote, na mtoto wa kwanza tukamtaja, kwa sababu alikuwa amekaa pale katikati yetu hata tusipomtaja. Asumini alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kitu kimoja tu, kama mabibo nayo ni marufuku. Nikamwambia bibo lina sukari nyingi, aache mpaka ajifungue. Kwa mtu wa kule hiyo ni adhabu. Wakati wa korosho mnakuwa shambani toka asubuhi, jua kali, maji machache, na chini ya kila mti mabibo yamejaa, mekundu na ya njano. Unaokota, unanyofoa korosho unaitia kwenye ndoo, bibo unalifyonza, kiu inakata. Asumini akasema ataacha.

Na aliacha. Wallahi sijaona mjamzito anayejitunza kama yule. Ugali alipima kwa kikombe. Mama yake, ambaye ndiye mkuu wa nyumba ile kama ilivyo desturi yao, mkwe wa kiume kahamia pale na kutulia, alimpikia kisamvu na mbaazi na dagaa, na akatangaza kwa majirani kwamba atakayemletea mwanawe uji wa sukari atamjua yeye ni nani. Majibu ya mashine yakawa mazuri asubuhi, mazuri mchana. Kwenye dodoso alipata alama karibu zote. Daktari Lukasi alikuwa anamtolea mfano kwa wenzake.

Kisha korosho zikaanza kudondoka.

Majibu ya asubuhi yalibaki vilevile, tano, tano na kidogo. Ya mchana yakaruka. Kumi na moja, kumi na tatu, siku nyingine kumi na sita. Siku za kupumzika yanatulia, siku za shamba yanapanda. Daktari akaniuliza mimi naonaje, nikamwambia wazi kwamba naona kama ni mabibo, anafyonza akiwa shambani. Nani angefikiri kingine? Tulimkalisha Asumini tukamuuliza. Akasema hajala bibo hata moja. Tukamuuliza kwa upole zaidi, ule upole wa kumwambia mtu kwamba hatumwamini. Akasema hajala. Nikanyamaza kama alivyonifundisha Sista Monika, nikamwachia nafasi, naye machozi yakamtiririka.

Wiki zilizofuata alikuja kliniki akiwa amepungua. Tumbo halikui inavyotakiwa, na mkojo ulionyesha mwili umeanza kujila wenyewe. Nikambana. Ndipo aliponiambia kwamba kila akiona namba ya mchana imepanda, kesho yake anapunguza chakula. Alipunguza mpaka nusu ya kikombe. Halafu akawa anakula mboga tu. Na namba bado inapanda. Alikuwa anajinyima mpaka mtoto tumboni anakosa, huku sisi tunamwandika kuwa ni mwizi wa mabibo.

Daktari Lukasi alikata shauri. Mtoto wa kwanza alikufa, huyu wa pili hatuwezi kumchezea. Asumini aende akalazwe hospitali kule chini Masasi, aanze sindano za insulini, akae huko chini ya uangalizi mpaka ajifungue. Kwa namba zile, ninyi mngefanya nini? Mimi nilikubaliana naye. Aliyekataa alikuwa Mama Asumini. Alituma ujumbe kwamba mwanawe haendi popote na anayemtaka amfuate shambani. Nikatumwa mimi kumbembeleza, kwa sababu ndimi niliyemzalisha Asumini mara ya kwanza na mama yule alikuwa ananiheshimu, au alikuwa ananivumilia.

Nilikodi bodaboda. Nilipofika walikuwa wameshakula, wamerudi kazini, rundo la mabibo katikati, mama upande huu, Asumini upande ule, mkwe mbali kidogo anatikisa matawi. Mama yule ni mkubwa kwangu, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Huwezi kumkalia mtu anayefanya kazi ukamhutubia mikono mitupu, kwa hiyo nikajisogeza kwenye rundo nikaanza kunyofoa korosho huku naongea. Maji ya mabibo yakanichuruzika mpaka kwenye viwiko. Mama Asumini alinisukumia bibo moja zuri, jekundu, nile. Koo lilikuwa limekauka, lakini ningelilaje mbele ya yule binti? Nikalirudisha.

Niliongea sana. Kuhusu insulini, kuhusu hospitali, kuhusu mabega ya mtoto. Mama yule alininyamazia kwa ustadi kuliko Sista Monika mwenyewe. Muda wa Asumini kupima ukafika, akaifungua mashine yake, akafuta kidole kwa pamba yenye spiriti kama tulivyomfundisha, akatoboa, akanionyesha. Kumi na nne. Ndipo mama yake alipoacha kazi, akanitazama usoni.

"Kila siku mnampima huyu," akasema. "Mbona wewe hujipimi?"

Nikaona hiyo ni njia nyepesi ya kupata amani. Nikafuta kidole kwa pamba yangu, nikatoboa, nikaweka damu. Siku hiyo nilikuwa nimekula kipande cha muhogo asubuhi, basi. Mashine ikafikiria, ikaleta kumi na sita.

Mama Asumini aliinama kuiona namba, na kwa kuwa alikuwa ameshazijua namba zile kwa uchungu wake mwenyewe, hakuhitaji kutafsiriwa.

"Haya, Sista," akasema. "Na wewe umeiba nini?"

Nawaambia ukweli, sikumfikiria Asumini hata kidogo dakika ile. Nilijifikiria mimi. Baba yangu alikufa na kisukari, mguu umekatwa. Nikasema basi, na mimi yamenikuta, tena karibu nistaafu. Nikaona niswali kwanza, maana adhuhuri ilikuwa imenipitia njiani. Mama yule, pamoja na hasira yake, aliniinulia birika la udhu. Maji ya udhu shambani wanayatunza kama mboni ya jicho, hayanywewi wala hayanawiwi hovyo. Nikatia udhu kwa uangalifu, nikasugua vidole, ule mnato wote ukatoka. Nikaswali kwa woga kuliko ninavyoswali kawaida. Nilipotoa salamu sikutulia, nikarudi kwenye mashine nijipime tena, kwa sababu mtu akipewa habari mbaya anataka kuisikia mara mbili.

Tano na nusu.

Niliikodolea macho mashine. Nikaangalia kidole changu, kisafi, kimekunjana kwa maji. Nikaangalia rundo la mabibo. Nikachukua bibo moja, nikalishika tu, nikafuta kidole kingine kwa spiriti, nikapima. Kumi na nane. Sikuwa nimelitia mdomoni. Sukari haikuwa ndani ya damu, ilikuwa juu ya ngozi, na ile pamba ilikuwa inaitandaza tu badala ya kuiondoa.

Nikamwita Asumini. Nikamnawisha mimi mwenyewe kwa lile birika, kidole kwa kidole, mama yake akiona maji yanavyomwagika na asinizuie. Nikamkausha kwa mtandio wangu. Nikatoboa. Tukasubiri wote watatu, vichwa vimekutana juu ya kile kimashine.

Tano na kidogo.

Asumini akakaa chini palepale kwenye majani. Alilia kwa sauti, kilio ambacho nadhani alikuwa amekitunza tangu msiba wa kwanza. Alipopata pumzi akasema, "Nilishaanza kuamini kwamba nakula nikiwa nimelala." Hapo na mimi nikashindwa kujikaza. Sina haya kuwaambia nililia na mgonjwa, ingawa nyie niliwakataza.

Mama yake hakulia. Alikwenda kwenye kapu, akatoa ugali uliobaki, akapima kikombe kizima, akaweka mbaazi juu, akamwekea mwanawe mbele. Asumini alikula wote. Nimehudhuria karamu nyingi, lakini sijawahi kufurahia kumwona mtu anakula kama siku ile. Mume wake aliacha kutikisa matawi, akaja kusimama karibu, akauliza kuna nini. Mkwewe akamwambia akaongeze maji.

Nilimpigia simu Daktari Lukasi nikiwa palepale. Alisema sindano isianzwe na nimletee mabibo. Kesho yake kituoni alitupanga wote, tukashika mabibo, tukafuta kwa spiriti, tukapima, wote tukawa wagonjwa. Tukanawa kwa sabuni, wote tukapona. Zile sindano angeanza kuchomwa Asumini akiwa na njaa na sukari yake ikiwa sawa, zingeishusha mpaka apoteze fahamu, yeye na mtoto. Daktari alilijua hilo bila kuambiwa. Nilimwona ameegemea ukuta, amejishika kichwa. Jioni ileile alipanda pikipiki akaenda kwa Mama Asumini, akampa shikamoo yake, akaomba radhi kwa maneno ya moja kwa moja, bila kupitia kichakani. Alirudi na kapu la mabibo, kwa hiyo nadhani aliitikiwa vizuri.

Tuliwafuata wajawazito wengine wote wa mashambani waliokuwa na mashine, na wawili zaidi walikuwa wameandikwa wezi kama Asumini. Tangu hapo mnajua utaratibu, na kama hamkujua ulitoka wapi, umetoka kwenye rundo lile. Msimu wa korosho mjamzito hapimi shambani mpaka anawe kwa maji na sabuni, akaushe vidole, ndipo atoboe. Maji yasipokuwepo, asubiri afike nyumbani. Na kabla hamjamuuliza mtu amekula nini, muulizeni alikuwa anashika nini. Watu wakija na dodoso jipya, lipokeeni kwa adabu, lina faida yake, lakini nendeni na nyie mkanyofoe korosho kidogo.

Kwa sababu ya ule msiba wa kwanza tulikubaliana Asumini ajifungulie hospitali kule Masasi, na safari hii mama yake alifunga mzigo mwenyewe. Daktari Lukasi alishuka naye. Mimi nilikuwa na likizo, nikaenda kama shangazi, wakaniruhusu kuingia leba kwa kunionea aibu. Uchungu ulikwenda vizuri. Kichwa kilipotoka nilishika nguzo ya kitanda. Mabega yakapita, moja, la pili, kama si kitu. Mtoto wa kike, wa kawaida kabisa, hana mashavu ya kusifiwa na mtu yeyote. Akalia, na hakunyamaza mpaka alipowekwa kifuani. Wakampima sukari kisiginoni, baada ya kukisafisha vizuri, ikawa salama. Wakampa jina Salma.

Kesho yake asubuhi nilikwenda wodini nikamkuta Asumini ameketi kitandani, mtoto amelala pembeni. Msimu ulikuwa unaisha, lakini mama yake alikuwa amezunguka kutafuta mabibo ya mwisho, akayapata, akayaleta yamefungwa ndani ya kanga. Asumini alikuwa analifyonza moja taratibu, amefumba macho, maji yanamtiririka mikono yote miwili mpaka kwenye shuka za hospitali. Nesi wa zamu alitaka kumfokea, nikamkonyeza asubiri. Daktari Lukasi akaingia kupitia wagonjwa, akasimama miguuni mwa kitanda.

"Mama Salma," akasema, "umeamkaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza namsikia mtu akimwita kwa jina la mtoto. Asumini alifumbua macho. Alimtazama daktari, akamaliza kumeza bila haraka, kisha akamnyooshea kidole kimoja, chekundu, kinachuruzika.

"Nipime sasa, Daktari."

Wodi nzima ilicheka, na Mama Asumini alicheka kuliko wote. Daktari Lukasi naye alicheka, akajifuta macho, akatoka. Aliporudi alikuwa amebeba beseni la maji na kipande cha sabuni, akapiga goti kando ya kitanda, akaanza kumnawisha.